UZI: Nani alituimbisha "This is a pen"? Wanaisimu, wanasaikolojia na wanasosholojia waliopita kwenye madarasa yetu ya lugha

#1 Mwalimu wa Zamu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni.

Nimefundisha Kiingereza sekondari ya kata miaka tisa, sasa nafundisha Kiswahili kwa wageni hapa Morogoro. Wiki iliyopita nilikuwa na mwanafunzi mmoja, nesi Mjerumani, wiki ya pili darasani. Asubuhi nzima tulipiga zoezi: mimi natamka "ndizi", yeye "nataka ndizi". "Embe." "Nataka embe." "Nyanya." "Nataka nyanya." Alikwenda kama cherehani, nikafurahi, nikasema huyu ameiva, twende sokoni.

Kafika kwenye meza ya mama mmoja mtu mzima, wa umri wa kuwa na wajukuu. Kasimama mbele yake, kakaza shingo: "Nataka nyanya!" Yule mama alimtazama, akamgeukia mwenzake wa meza ya pili: "Hata salamu hakuna?" Nyanya aliuziwa, ila fungu alilopewa lilikuwa la zile zilizokaa chini ya tenga tangu juzi.

Sentensi yake haikuwa na kosa. Kiambishi cha nafsi kipo, kitenzi kipo, yambwa ipo. Nikarudi nyumbani na swali moja: lile zoezi la cherehani nimelitoa wapi? Mimi nililipata kwa mwalimu wangu, naye kwa wake, lakini mwisho wa mnyororo yuko nani? Nimechimba, na ninachokiona ni kwamba karibu kila tunachofanya darasani kilianzishwa na mtu ambaye hakuwa mwalimu wa darasa kama letu. Wengine waliitazama lugha, wengine kichwa cha anayejifunza, wengine watu wanaomzunguka. Kila kundi lilikamata sehemu yake ya tembo na kuapa kwamba ndiye tembo mzima.

Naanza na habari ya Mfaransa mmoja aliyeteseka.

#2 Mbegu ya Papai

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Tiririka mwalimu.

#3 Mwalimu wa Zamu

Twende. Ulaya ya karne ya 19, lugha za kisasa zilifundishwa kama Kilatini: kanuni za sarufi, orodha ya maneno, kisha tafsiri sentensi. Hapakuwa na nadharia yoyote nyuma yake. Kilatini hakikuwa na mtu wa kuongea naye mtaani, basi na Kijerumani nacho kikafundishwa kana kwamba Wajerumani wote wamekufa.

François Gouin alikuwa mwalimu wa Kilatini. Akaenda Hamburg kujifunza Kijerumani. Akajifungia chumbani, akakariri kitabu cha sarufi pamoja na vitenzi 248 visivyofuata kanuni. Akaenda kusikiliza mihadhara: hakuambulia neno. Akarudi chumbani kukariri mashina ya maneno, akatoka, bado. Mwisho akakariri kamusi, maneno 30,000. Siyo utani. Akatoka nje, patupu!

Aliporudi kwao akamkuta mpwa wake wa miaka mitatu, ambaye wakati anaondoka alikuwa hajui kuongea, sasa anapiga domo kutwa nzima. Mtoto hakukariri chochote. Gouin akakaa anamwangalia anavyosimulia vitendo vyake kimoja baada ya kingine, na mwaka 1880 akatoa kitabu chenye mbinu ya kufundisha kwa mfululizo wa vitendo: naenda mlangoni, nakaribia mlango, nashika kitasa. Walimu wa chekechea mnaoimba "nanawa uso, napiga mswaki", mna babu yenu hapo.

Miaka hiyohiyo wanaisimu wakaanza kuingia. Wilhelm Viëtor, Mjerumani, mwaka 1882 alitoa kijitabu akidai ufundishaji wa lugha ugeuzwe kabisa: matamshi kwanza, matini nzima badala ya sentensi zisizo na kichwa wala miguu. Alikitoa kwa jina la kupanga. Mwaka 1886 Paul Passy na wenzake Ufaransa wakaunda chama ambacho baadaye kilikuja na zile alama za kifonetiki mnazoziona kwenye kamusi. Wengi wao walikuwa walimu, ndiyo maana mimi huwapenda hawa kuliko wote waliofuata. Henry Sweet wa Uingereza aliandika kitabu chake mwaka 1899, Otto Jespersen wa Denmark chake kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1904, na ukivisoma leo unaona watu waliowahi kushika chaki.

Ila "This is a pen" bado hatujaifikia. Hiyo inatoka jeshini.

#4 Muuza Vitenge

Mkuu naomba kuuliza kabla hujaenda mbali. Mimi nina duka Kariakoo, darasa la saba B, Guangzhou nimekwenda mara kumi na moja. Kichina naongea, napunguziwa bei, natukanwa najibu. Sijawahi kukaa darasani, sijui nadharia ya mzungu yeyote. Sasa hawa wasomi wanatusaidia nini hasa?

#5 Mwalimu wa Zamu

Kaka, swali lako ni zito, na kuna wasomi waliolifuatilia kabisa. Nitakurudia. Kwanza jeshi.

Marekani kabla ya vita ya pili kulikuwa na wanaisimu wenye kazi ya kurekodi lugha za Wahindi Wekundu, lugha ambazo hazikuwa na vitabu. Walikuwa na utaratibu: unakaa na mzungumzaji, unamsikiliza, unaandika sauti, unapanga maumbo. Mkubwa wao alikuwa Leonard Bloomfield. Vita ilipopamba moto serikali ikagundua haina watu wanaojua lugha za kule majeshi yanakopelekwa, ikawageukia hawa. Bloomfield mwaka 1942 akaandika mwongozo mdogo wa namna ya kujifunza lugha ya kigeni, na mwaka 1943 mpango wa jeshi ukaanza vyuoni: makundi madogo, mzungumzaji wa lugha yupo mbele, mwanaisimu pembeni, saa nyingi kila wiki, kurudia, kurudia, kurudia.

Yakapatikana matokeo. Watu wakasema: ni mbinu! Wachache waliuliza kama si ule udogo wa darasa, saa nyingi, na kijana anayejua kwamba akifeli anarudishwa kwenye mafunzo ya bunduki.

Huko Michigan, Charles Fries alikuwa anafundisha Kiingereza kwa wageni kwa mtazamo huohuo: lugha ni miundo, piga muundo mpaka uingie kwenye damu. Mwenzake Robert Lado mwaka 1957 akaongeza kwamba ukilinganisha lugha mbili unaweza kutabiri makosa. Hapa msimdharau. Mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza anaandika "The teacher he is coming", kwa sababu Kiswahili kinasema mwalimu A-nakuja, na ile "a" lazima apate pa kuiweka. Anachanganya "he" na "she" kwa sababu "a" yetu haijali mume wala mke. Hilo Lado angekuambia kabla hujaingia darasani.

Saikolojia ya wakati ule nayo ilikuwa na bwana B. F. Skinner, yule wa njiwa na panya kwenye masanduku. Kwake kujifunza ni kichocheo, itikio na tuzo. Mwaka 1957 akatoa kitabu kinachoeleza lugha nzima kwa namna hiyo. Wanaisimu wanasema lugha ni miundo, wanasaikolojia wanasema kujifunza ni mazoea: ndoa ikafungwa, mtoto akawa zoezi la cherehani. Mahari ikatoka Moscow, kwa maana mwezi wa kumi mwaka huohuo Wasovieti walirusha Sputnik, Wamarekani wakashikwa na kiwewe, na mwaka 1958 Bunge lao likapitisha sheria iliyomwaga fedha kwenye sayansi, hesabu na lugha za kigeni. Maabara za lugha zenye vinasa sauti zikachipuka kama uyoga.

Na Kiswahili kilikuwemo. Taasisi inayofundisha wanadiplomasia wa Marekani ilitoa kozi ya Kiswahili mwaka 1963, ikiongozwa na Earl Stevick, pamoja na Waafrika Mashariki wawili, Mlela na Njenga. Kozi ina mazungumzo mafupi na mazoezi ya kubadilisha neno, mengi mno: ngeli hii, ngeli ile, weka nafasi, ondoa nafasi. Hiyo kozi ninayo. Kwa hiyo jibu la swali langu ni hilo. Yule mama wa nyanya alisalimiwa na Skinner.

#6 Bibi Ushungi

Mwanangu mwalimu, mimi ni mstaafu, nilianza kufundisha Kiingereza shule ya msingi mwaka 1974. Ulichoandika nakithibitisha kwa koo langu. Tuliambiwa: usiandike ubaoni kwanza, usitumie Kiswahili, inua kitu, taja, darasa zima lirudie, safu kwa safu, kisha mmojammoja. Nilikuwa na kalamu moja, kikombe kimoja na jiwe. Watoto waliimba vizuri mpaka mkaguzi anatabasamu. Siku moja nikamuuliza mtoto kwa Kiingereza jina lake nani, akanijibu kwa sauti: "This is a cup!"

#7 Mbegu ya Papai

😂😂😂 Bibi umeniua.

#8 Mwalimu wa Zamu

Shikamoo Bibi. Huyo mtoto kamaliza mada yangu kwa sentensi moja, lakini ngoja niendelee.

Mwaka 1959 kijana mmoja, Noam Chomsky, alikiandikia mapitio kitabu cha Skinner na kukichana vipandevipande. Hoja yake ukiitaka kwa Kiswahili iko barabarani. Wazee wetu waliona kibao cha Kiingereza kwenye mzunguko wa magari, "keep left". Wakauita mzunguko wenyewe kipilefti. Ikijengwa mingine, watu wakasema vipilefti. Nani aliwafanyisha zoezi la "kipilefti, vipilefti"? Nani aliwapa tuzo? Hakuna. Kichwa cha Mswahili kina kanuni, kikiona "ki" kinajua wingi wake, hata kama neno limezaliwa jana. Kitabu, neno la Kiarabu, lilipitia mlango huohuo. Lugha ingekuwa kurudia tu uliyoyasikia, vipilefti visingekuwepo.

Walimu wakamkimbilia Chomsky: basi tupe mbinu mpya! Mwaka 1966 aliwahutubia walimu wa lugha Marekani na kuwaambia wazi kwamba ana mashaka kama isimu na saikolojia za wakati ule zina cha maana cha kuwapa. Nampa heko kwa hilo, ni wasomi wachache wanaokataa kiti cha mbele wakikaribishwa.

Miaka miwili kabla, Mwaustralia Wilga Rivers, mwalimu wa lugha hasa, alikuwa ameshaandika kitabu akiwauliza wenye maabara: mnamkumbuka mwanafunzi anachoka? anachukia? anaogopa? Na mwaka 1967 Pit Corder wa Edinburgh akasema kosa si uchafu wa kufagia, ni dirisha. Mwanafunzi ana sarufi yake ya njiani, anaijenga na kuibomoa. Larry Selinker mwaka 1972 ndiye aliyeipa jina lililoenea, sisi huku tunaiita lughakati. Mimi naiona kila muhula: Mjerumani, Mchina na Mmarekani wote watatu husema "vijana vizuri". Lugha zao hazifanani, kosa ni moja, kwa sababu limetoka ndani ya Kiswahili chenyewe: "vi" wameiona, wakafuata kanuni, hawajajua bado kwamba chenye uhai kinaruka foleni. Lado hapo hana cha kusema.

#9 Damu ya Ziwa

Niko Kisumu. Umeongea mengi ya wazungu huko kwao, lakini huku kwetu ni nani alitufunga kile kibao shingoni kwa kuongea lugha ya mama? Mimi nilikivaa darasa la tatu, nikasubiri mwenzangu ateleze ili nimpe. Hiyo nayo ni saikolojia ya nani?

#10 Mwalimu wa Zamu

Pole ndugu yangu. Hata mimi nilikivaa, huku kwetu kilikuwa cha mbao na kamba ya katani.

Kibao chenyewe ni cha zamani kuliko nadharia hizi, Wales na Ufaransa nao watoto wao walivishwa vitu vya aina hiyo karne ya 19. Lakini kilichokipa baraka za kitaalamu kwetu kina anwani: Makerere, Januari 1961, mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu kufundisha Kiingereza. (Msiuchanganye na ule wa waandishi wa Afrika, uliofanyika hapohapo mwaka 1962.) Nchi zinaelekea uhuru, wataalamu wamekaa, na mawazo yaliyotoka pale yakatawala miongo mingi. Mwaka 1992 Robert Phillipson aliyachambua matano na kuyaita potofu: Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza tu, mwalimu bora ni mzawa wa lugha, anza mapema iwezekanavyo, kadiri kinavyofundishwa zaidi ndivyo matokeo yanavyokuwa bora, lugha nyingine zikitumika sana kiwango kitashuka.

Soma hayo matano, halafu pita kwenye mabango ya shule za mchepuo wa Kiingereza barabara yoyote ya Dar au Nairobi. Yako palepale, yamepakwa rangi mpya.

Na hapa ndipo wanasosholojia wanapoingia, kwa kuchelewa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Ford Foundation, shirika la hisani la Marekani, ililipia utafiti mkubwa wa matumizi ya lugha Afrika Mashariki: nani anaongea nini, wapi, na nani. Kitabu cha Uganda kilitoka 1972, cha Kenya 1974, cha Tanzania 1980. Mmoja wa walioandika cha Uganda ni Clive Criper. Mshikeni jina, maana mwaka 1984 alikuja Tanzania na mwenzake, Dodd, kupima Kiingereza mashuleni. Wakakuta hali mbaya: wanafunzi wengi wa sekondari hawawezi kusoma masomo yao kwa lugha ile. Tume ya Makweta, ile ya serikali iliyochunguza elimu yetu, ilikuwa imeshapendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari ihamie Kiswahili kuanzia 1985, serikali ikakataa. Criper na Dodd nao, pamoja na waliyoyaona, wakapendekeza Kiingereza kibaki na kiimarishwe. Uingereza ikatoa mradi, vikaja vitabu vya hadithi vya kusoma kwa ngazi. Vitabu nilivipenda, nilivimaliza vyote vilivyokuwa kabatini kwetu. Lakini daktari anayesema mguu umeoza, kisha anaandika dawa ya kikohozi, utamwelewaje?

#11 Muuza Vitenge

Mwalimu deni langu vipi? Kichina.

#12 Mwalimu wa Zamu

Nalipa. Mwaka 1983 Richard Schmidt alichapisha habari za Mjapani mmoja, msanii anayeishi Hawaii, aliyempa jina Wes. Wes hakusoma darasani. Alikuwa mchangamfu, ana marafiki, anauza kazi zake, anaeleweka, anapendwa. Schmidt alimfuatilia miaka mitatu: maongezi yake yakazidi kuwa matamu, sarufi yake ikabaki karibu ilipokuwa. Huyo ni wewe, kaka. Watu wa Guangzhou wanakuelewa na bei inashuka. Wakikupa mkataba wa kontena wa kurasa sita kwa Kichina je?

Kinyume chake ni mtu aliyeitwa Alberto, kutoka Costa Rica, fundi wa umri wa miaka 33 huko Marekani, ambaye John Schumann alimwandika miaka ya 1970. Alikaa na watu wa kwao, hakuwa na haja kubwa na wenyeji, na Kiingereza chake hakikusogea hata alipofundishwa. Schumann akasema tatizo ni umbali wa kijamii. Darasa haliwezi kuziba pengo ambalo mtaa umelichimba.

Na mtu aliyelipa jambo hili jina ni Dell Hymes, mwanaanthropolojia. Chomsky alikuwa amesema umilisi, yaani kuimudu lugha, ni kujua sarufi. Hymes akajibu kwamba mtu anayejua sarufi peke yake, akitamka kila sentensi sahihi popote bila kujali yuko na nani, tutamwona ana kasoro. Akakuza dhana ya umilisi mawasiliano: ujue lipi linasemeka, kwa nani, wakati gani. Niliposoma hilo nikaiona ile meza ya nyanya. Kwa Mswahili, kujua kwamba mtu mzima unaanza na "shikamoo", unasubiri "marahaba", unauliza habari za nyumbani, ndipo unasema "naomba fungu moja", hayo si mapambo. Ni sarufi, ila imeandikwa kwa watu.

Wazungu walilichukua kwa sababu zao. Baraza la Ulaya kuanzia 1971 lilikuwa na watu wazima wanaovuka mipaka kutafuta kazi, wanaohitaji kuomba, kukataa, kulalamika, siyo kunyambulisha vitenzi. David Wilkins akapendekeza silabasi ipangwe kwa dhana na shughuli hizo, na mwaka 1975 van Ek akatoa orodha ya kiwango cha kuanzia. Ndiyo mbinu ya mawasiliano hiyo.

Ikapanda ndege ikaja kwetu. Semina, posho, chai na vitumbua: "Walimu, sasa ni vikundi na majadiliano." Nikarudi kwenye darasa la wanafunzi 84, madawati 30, nikawagawa vikundi nane. Walijadiliana kweli, vizuri sana, kwa Kiswahili. Nikipita wananong'ona "teacher anakuja", wanabadilisha gia mpaka nivuke. Silaumu mbinu. Ilitengenezwa kwa watu wazima kumi na wawili wanaokwenda kazini Brussels.

#13 Mbegu ya Papai

Na yule Stevick wa kozi ya Kiswahili aliishia wapi? Aliendelea na cherehani?

#14 Mwalimu wa Zamu

Swali zuri, nilitaka kumsahau. Aligeuka. Miaka ya 1970 saikolojia nyingine ilikuwa inavuma, ya hisia na uhusiano: Curran aliyetoka kwenye ushauri nasaha, Lozanov wa Bulgaria na muziki wake na viti vya kuegemea, Gattegno na vijiti vyake vya rangi. Mengine nayaona ni maigizo, nisiwafiche. Stevick aliyachunguza yote bila kudharau wala kuabudu, akavuta kumbukumbu za miaka yake ya mazoezi ya kurudiarudia, na mwaka 1980 akaandika kwamba mafanikio hutegemea kidogo vifaa, mbinu na uchambuzi wa lugha, na hutegemea zaidi yanayotokea ndani ya watu na baina yao darasani. Huyo ndiye mtu wa Wamarekani aliyeandaa mazoezi ya ngeli zetu! Mimi ningekuwa yeye ningetetea kitabu changu.

Mazoezi yenyewe sijayatupa. Ngeli haziingii kwa hisia, na kozi ile ni mali ya umma, mtandaoni inapakuliwa bure, anayetaka achukue.

#15 Bibi Ushungi

Mwanangu, na yule binti wa Kijerumani? Usituache njiani.

#16 Mwalimu wa Zamu

Bibi, Jumatatu nilimrudisha kwa mama yuleyule. Njiani tulifanya zoezi moja tu, tukipokezana, mimi mkubwa, yeye mdogo, kisha kinyume. Kufika akapiga goti kidogo, hilo sikumfundisha mimi, ameliona wodini: "Shikamoo mama." Mama akashtuka: "Marahaba mwanangu! Umelalaje?"

Hapo cherehani ikakata uzi. Akanitazama, nikatazama pembeni. Akafikiri sana, akasema: "Nimelala na chandarua."

Meza nne zilicheka. Mama akampa fungu la juu, akaongeza nyanya mbili kwenye mfuko bila kuombwa, akamwambia kesho amletee mwenzake wa chandarua amwone.

Muuza Vitenge, ukirudi Guangzhou nitumie sauti ukiwa unapatana bei. Nina kipindi saa nane, tutaonana jioni.